Siku Kibuyu Changu Kilimvua DC Kofia

Kuna watu aibu yao ni ya kimya. Mtu anakanyaga sketi yake kanisani, anajishika, majirani wawili wanacheka ndani ya kitabu cha nyimbo, basi imeisha. Yangu mimi ilikuwa na mlio. Ilisikika uwanja mzima wa michezo wa Eldoret, kutoka jukwaa la wakubwa mpaka kwa wale waliokuwa wamekaa juu ya ukuta bila kulipa, na mpaka leo nikienda sokoni kununua kiberiti kuna mzee mmoja wa viazi akiniona anaziba masikio. Namsalimia tu. Nitafanya nini?

Lakini hebu niwaambie mimi mwenyewe, maana mnayoyasikia kwa watu yametiwa chumvi (ati nilimpiga DC bunduki, mimi ambaye hata panya namfukuza na ufagio huku nikimwomba msamaha).

Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja, wakati DC, yaani mkuu wa wilaya, akipita hata kuku walisimama. Mjukuu wangu Cheptoo alikuwa anakaa na mimi Kimumu kwa sababu ya shule, mama yake ameolewa huko Burnt Forest na huko shule ilikuwa mbali. Alikuwa form two, mrefu, mwembamba kama bua la mahindi la mwaka wa njaa, lakini mkimwona akikimbia mngesahau mlikuwa mnaenda wapi. Miguu ile ni yangu. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli: nikiwa msichana nilimkimbia mchumba mmoja mwenye ng'ombe wengi na meno machache, nikafika kwetu bila kupumzika, na yeye alikuwa na baiskeli.

Basi mwezi wa saba, mbio za wilaya zikiwa zimekaribia, madaktari walikuja shuleni kwao kuwapima vijana wanaokimbia. Wakatoa damu, wakasikiliza mioyo, na baada ya siku kadhaa nikaitwa. Nilivaa viatu vyangu vya Krismasi nikijua naitwa kusifiwa. Nikakuta daktari kijana, mpole, miwani imemteleza puani, akaanza kuniambia polepole kama mtu anayeweka mayai chini: damu ya Cheptoo ina upungufu wa vitamini D, ile ambayo mwili hujitengenezea ngozi ikipigwa na jua, na tena moyo wake una kapigo kanakoruka mara mojamoja, jambo ambalo kwa vijana wakimbiaji mara nyingi si la kutisha lakini lazima yeye aliangalie. Kama hayo mawili yana undugu, akasema, bado hawajui, ndiyo wanachunguza. Damu atampima tena wiki ya mbio, na moyo atausikiliza siku yenyewe, palepale uwanjani, na kama haridhiki, msichana hatakimbia.

"Hatakimbia kabisa?" nikamwuliza.

"Kabisa, Mama. Mbio ziko kila mwaka. Moyo anao mmoja."

Nilitoka pale na hofu mbili, moja ya mtoto na nyingine ya mdomo wangu, kwa sababu nilikuwa nimeshatangaza kanisani, na kwenye foleni ya kupeleka maziwa, na kwa mwenye posho mill ya kusagia mahindi, kwamba Cheptoo akitoka hapa ni Nakuru, akitoka Nakuru ni Nairobi, akitoka Nairobi ni ndege. Mama mmoja nilikuwa nimemwahidi hata sweta ya Ulaya.

Sasa mkumbuke mimi shule niliishia darasa la pili (mwalimu alipoanza hesabu za kukopa nikaona hii ni tabia mbaya, nikarudi kwa ng'ombe). Daktari alisema maneno mengi, mimi nikabeba mawili: jua, na moyo. Yale ya "bado hatujui" niliyaacha kwenye benchi yake, maana mtu aliyesoma akisema hajui, mimi huona ni adabu tu.

Na jua Cheptoo angelipata wapi? Alikimbia alfajiri kabla ya jogoo, akashinda darasani, jioni akasomea jikoni kwangu kwenye moshi, na siku zote amevaa sweta nzito niliyomfumia mimi mwenyewe na kumkataza kuivua, kwa sababu baridi ya Eldoret mwezi wa saba inaingia mpaka kwenye meno. Nikamwambia akae nje. Akasema, Kogo, nina mtihani. (Kogo ni nyanya, kwetu.) Na kweli hata angekaa, jua lenyewe liliishia saa ya chakula, halafu mvua inafunga mlango.

Jirani yangu Mama Atieno, mama wa kutoka upande wa ziwa anayeuza samaki sokoni, alinikuta nimekaa juu ya ndoo nikiwaza, nikamweleza yote. Akasema hiyo si neno, mtoto avue hiyo sweta ya kijeshi akae juani saa ya chakula, na ale samaki, mbuta iko na mafuta ambayo hata watoto wachanga kwao hupewa. Mimi nikamwambia asante, lakini sisi watu wa ng'ombe hatuli nyoka za maji. Hakukasirika. Alinicheka akaenda zake, na hapo ndipo ningemfuata nikanunua samaki mmoja, nikafunga domo, na leo nisingekuwa na hadithi.

Lakini nilikuwa na akili yangu. Nikasema, kama mtoto hana nafasi ya kwenda kwa jua, jua litaletwa kwa mtoto. Na litabebwa na nini kama si maziwa?

Niwaambie kitu kuhusu maziwa yangu. Mursik, maziwa lala yetu ya kibuyu yenye masizi ya mti, ukitaka kujua inavyotengenezwa ulikuja kwangu. Wazee wa posa walikuwa wakinywa ya kwangu kabla hawajaamua mahari, kwa sababu walisema inalegeza roho. Na sheria yake ni moja, niliipata kwa mama yangu na yeye kwa mama yake: kibuyu kinakaa gizani, kwenye kona ya baridi, kimya, kama mzee aliyekosewa. Usikiweke karibu na moto. Jua lisikione hata kwa dirisha. Nimewachapa mabinti zangu kwa sababu hiyo.

Sasa mimi huyo huyo, mwenye sheria, nikachukua kibuyu, nikapanda ngazi, nikakilaza juu ya mabati ya nyumba ya kuku.

Kila asubuhi nilikianika na kila kivuli kiliposogea nilikisogeza, na mvua ikija nakikimbiza ndani na blanketi kama mtoto mwenye homa. Jioni nafungua, namimina kikombe kimoja, nampa Cheptoo. Anapokea kwa mikono miwili, anasema asante Kogo, anatoka nje kumalizia huko kwenye hewa. Anarudi na kikombe kitupu. Mimi moyo unajaa. Nikaona hata mbwa wetu Simba ameanza kunona siku hizo, nikasema baraka zikiingia boma zinaingia kwa wote.

Mama Atieno aliniona siku moja nikiwa juu ya ngazi, akasimama na karai lake la omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani.

"Mama, sasa unaanika maziwa kama omena?"

"Naanika."

"Omena ikianikwa inakauka. Maziwa inafanya nini?"

"Inashiba jua," nikamwambia.

Aliangalia kibuyu, akaangalia mimi, akasema, "Haya. Siku itashiba kabisa uniite nisikae karibu."

Kwa ajili ya siku yenyewe ya mbio nilitengeneza kibuyu cha peke yake, kile kikubwa cha harusi. Na hiki, sikilizeni vizuri, sikukifungua kamwe siku zote kilizokuwa juani, kwa sababu niliwaza nikifungua jua litatoka. Nilikiziba mdomo na gunzi la mahindi, nikaligonga na jiwe likaingia sawasawa, juu nikaweka kifuniko chake cha ngozi, na juu ya kifuniko nikafunga tyubu ya baiskeli nikizungusha na kuvuta mpaka vidole vikauma. Mapema siku ya mbio nilikishika nikasikia kinanguruma ndani kidogo, grrr, kama tumbo la mtu aliyekula maharagwe. Nilifurahi. Nikajua nguvu iko.

Uwanja ulijaa. Bendera, bendi ya shule, wakubwa kwenye jukwaa na miavuli, na DC mwenyewe amevaa zile nguo za kaki zenye vifungo vinavyong'aa na ile kofia ngumu nyeupe. Mimi nilivaa gauni langu la buluu na kibuyu nimekibeba mgongoni juani njia yote kutoka Kimumu, nikiwaambia walioniuliza kwamba hiyo ni dawa ya moyo, watajionea.

Mpango wangu ulikuwa Cheptoo anywe kwanza halafu ndio asikilizwe. Nikafika nimechelewa. Daktari alikuwa na kibanda cha turubai kando ya njia ya kukimbilia, upande mmoja wazi, na Cheptoo alikuwa ameshakaa ndani kwenye stuli, na yule daktari ameweka mipira yake masikioni na kile kisahani kifuani kwa mtoto, amefumba macho. Mwalimu wao akanizuia mlangoni kwa mkono.

"Mama, tafadhali. Anataka kimya. Akimaliza hapa ndio atasema kama anakimbia au hakimbii."

Basi nikasimama nje, hatua chache tu. Namwona mtoto, mtoto ananiona. Kuliko kukaa bure nikaona nitayarishe maziwa yawe yamechanganyika vizuri akitoka, nikaanza kukitikisa kibuyu. Mimi si mtu wa kutikisa kidogo. Nikatikisa kwa mapenzi yote ya nyanya.

Wakati huo huo DC ameteremka jukwaani kusalimia raia, na chifu wetu nyuma yake anakimbiakimbia, na askari kanga mmoja, wale polisi wa utawala, mwenye bunduki ya zamani. Upande wa pili wa njia wavulana wa mita elfu moja mia tano walikuwa wameshajipanga kwenye mstari, wameinama, na mwamuzi ameinua bastola yake ya kuanzishia. DC akanifikia mimi. Kwa nini mimi, kati ya watu wote wale, sijui. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa natikisa.

Hakuwa mtu wa kwetu. Akatabasamu akauliza, "Mama, umetuletea nini?"

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Mgeni mkubwa akiuliza kuhusu kibuyu, kwetu huwezi kusema hiki si chako. Ni yeye anaonja kwanza, hata kama ulikusudia mtoto. Nikapiga goti kidogo, nikaelekeza mdomo wa kibuyu kwake (kwa heshima, maana humwelekezei mgeni kisogo cha kibuyu), nikaanza kufungua tyubu. Nikazungusha mara ya kwanza. Nikazungusha mara ya pili. Kibuyu kikaacha kunguruma.

Hapo ningejua. Kitu kikinguruma halafu kikinyamaza, kimeamua.

Kilisema PAA.

Sijawahi kusikia kitu kama kile na siombi. Gunzi lilitoka na kifuniko chake, likapiga ile kofia nyeupe mbele, kofia ikaruka juu ikizunguka kama sahani ya ugali, na nyuma ya gunzi nusu ya maziwa, yale ya siku zote za jua, na masizi yake, yakampata DC kuanzia nyusi mpaka mkanda. Chifu alilala chini. Alilala kabisa, kifudifudi, na mikono kichwani. Bendi ikaanza kupiga wimbo bila kuambiwa. Na wale wavulana kwenye mstari, masikini, wao walisikia mlio, wakaenda.

Mwamuzi bado ameinua bastola yake angani, anaiangalia kama imemsaliti. Akaanza kuwafukuza akipiga filimbi, wengine wakasimama kwenye kona, lakini mmoja kutoka Langas alikuwa ameshapata kasi na hakutaka kusikia habari ya mtu. Alimaliza mizunguko yake yote peke yake, akainua mikono, akaenda moja kwa moja kwenye meza kuuliza karai la zawadi liko wapi. (Sasa ni baba wa watoto, na bado hudai hilo karai.)

Mimi nilikuwa bado nimepiga goti. Kibuyu mkononi kinatoa povu kidogo kidogo, fyuu, fyuu. Na mjue miaka ile hata kukohoa wakati mkubwa anaongea uliangaliwa mara mbili, sembuse kumlenga. Askari kanga akaja amenyoosha bunduki, akaniambia nikiweke chini hicho kitu polepole na nirudi nyuma, nikamwambia ni maziwa, akasema hiyo atasema mkubwa.

Chifu akainuka na nyasi kwenye meno. Mungu ambariki, hakuwa mtu jasiri lakini alikuwa na familia.

"Bwana DC, hiyo ni baraka," akasema. "Kwetu hapa kiongozi anayependwa hunyunyiziwa maziwa."

DC alikuwa anatoa masizi kwenye jicho na kidole. Akasema, "Mnanyunyiza na nini, Chifu, mzinga?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Halafu nikaona ulimi wake umetoka kidogo tu, ukapitia mdomo wa juu, ukarudi, ukatoka tena. Akaniangalia. Akamwambia askari anipeleke nikakae kando ya Landrova mpaka wajue watanifanya nini, na kibuyu kichukuliwe kama ushahidi. Askari mwingine akakibeba mikono imenyooka mbele, uso amegeuza pembeni, kama mtu anayebeba mtoto aliyejisaidia.

Nikapelekwa nyuma ya jukwaa, mahali huoni chochote isipokuwa migongo ya watu. Hapo ndipo machozi yalinitoka. Kukamatwa sikukujali sana. Nililia kwa sababu sikujua daktari alisema nini. Moyo wa mtoto ulikuwa unasikilizwa, nami nikaulipulia mzinga kando, nani anasikiliza moyo namna hiyo? Nikajua nimemharibia. Nikamwomba yule askari wangu aniangalilie tu kama msichana mrefu mwenye namba ya kushonwa na uzi mwekundu yuko kwenye mstari. Akasema haruhusiwi. Nikamwambia ni mjukuu wangu, na ana moyo mmoja.

Askari akakohoa. Akaangalia huku na huku, akapanda juu ya bampa ya Landrova.

"Uzi mwekundu yuko," akasema. "Anafunga kiatu."

Mbio za wasichana za Cheptoo, zile nilizozitangaza mpaka posho mill, mimi nilizisikia kutoka kwa mdomo wa askari kanga. Yuko nyuma, Mama. Bado nyuma. Huyu wako analala ama namna gani. Ngoja. Ameanza. Mama, ameanza, huyu mtoto ni wa kukimbia, ona anavyopita ile ya kijani. Na bampa inalia chini yake, na bunduki ameiegemeza kwangu niishike (ndiyo, mimi mshtakiwa, nimeshika bunduki ya serikali, na hakuna gazeti lililoandika). Akamaliza wa pili. Wa pili anaenda Nakuru. Tulikumbatiana mimi na yeye, halafu akakumbuka, akanitaka bunduki yake.

Daktari alinifuata huko nyuma na mipira bado shingoni. Nilidhani anakuja kunikemea. Alikuwa anajikuna sikio.

"Mama, huo mlio ulinikuta nikimsikiliza mtoto wako," akasema. "Mimi niliruka. Mwalimu aliruka. Moyo wake ulienda tu, tu, tu, kama hakuna kitu. Na majibu ya damu ya wiki hii ni mazuri zaidi. Sijui mmefanya nini nyumbani, lakini endeleeni."

Niliinua kichwa. Nikamtafuta Mama Atieno kwenye umati nimwonyeshe jinsi maziwa hushiba jua. Na Cheptoo, ambaye alikuwa amekuja na jasho lake, akaangalia chini kwenye viatu.

Jioni ndiyo alisema. Vikombe vyote vile alimpa Simba, kwa sababu maziwa yale ya kufunguliwa kila jioni yalikuwa na ladha ya sabuni na sufuria ya kutu, na hakutaka kuniumiza. Saa ya chakula alivua sweta yangu akasomea juani uwanjani, akavaa tena akikaribia nyumbani. Na jioni akitoka shule alipitia kwa Mama Atieno akala mbuta, mpaka mifupa akafyonza. "Na ule mlio, hukushtuka?" nikamwuliza. Akasema, "Kogo, nilikuona ukitikisa. Nilikuwa nangoja tu."

DC hakunishtaki. Alirudi jukwaani bila kofia, akasoma hotuba ya maendeleo ndevu zikiwa na povu, na mimi nikaachiliwa kabla ya watu kutawanyika. Kibuyu ndicho kililala kituoni. Nilipokwenda kukichukua kilikuwa kitupu na kimeoshwa. Nikauliza ushahidi uko wapi, yule askari wangu wa bampa akajifuta mdomo akasema ulichunguzwa na kituo kizima, na kama nina mwingine nilete, ila usianikwe.

Nimeapa, na nimetimiza. Maziwa yangu yako gizani, wajukuu wangu wako juani bila sweta, na kila Ijumaa nanunua nyoka ya maji kwa Mama Atieno naye ananikatia kipande cha mkia akicheka mpaka karai linatikisika. Moyo wa Cheptoo ulitulia kabisa. Wangu mimi ndio ulibaki na kapigo kanakoruka, kila nikiona mtu anapita na kofia ngumu nyeupe.